Jiko la Enesi Liko Zambia

Jumatatu asubuhi, Enesi akiwa ameinamia sufuria ya maharage, simu iliita, akaambiwa kwamba jiko lake liko Zambia.

"Liko wapi?" aliuliza. Alidhani moshi umemwingia masikioni.

"Zambia, Mama Mkurugenzi," ilisema sauti ya Ashraf, kijana wa makao makuu ya Sufuria ya Dhahabu. "Mfumo umeshasoma. Hongera sana. Wewe ndiye tawi letu la kwanza nje ya nchi."

Enesi aliinua uso. Mbele yake malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, pua kwa mkia, kama yalivyopanga jana na juzi. Ng'ambo ya barabara bendera ya Tanzania ilining'inia juu ya ofisi ya serikali ya mtaa, imelowa umande. Zambia ilikuwepo, hakuna aliyeificha. Ilianzia kule mbele baada ya geti, ambako hata mbuzi wa Tunduma huenda kula na kurudi. Lakini jiko lilikuwa huku. Lilikuwa huku tangu binti yake Nesta anajifunza kutembea, na sasa Nesta ameolewa Hasamba, ana watoto wake.

"Mwanangu Ashraf," alisema Enesi, "mimi niko Tunduma. Tunduma iko Tanzania. Uliza mtu yeyote."

"Mfumo hauulizi watu, mama. Namba uliyojisajili nayo inaanzia mia mbili sitini. Hiyo ni namba ya Zambia."

Hapo Enesi akaelewa. Kama nusu ya watu wa Tunduma, alikuwa na laini mbili kwenye simu moja: ya nyumbani, na ya ng'ambo kwa ajili ya madereva wa Lusaka na Kitwe wanaomtumia hela ya chakula. Siku aliyojisajili, laini ya nyumbani haikuwa na kifurushi. Akatumia iliyokuwa nacho. Kosa la namna hii mtu wa Dodoma hawezi kulifanya hata akipania.

"Basi badilisha namba."

"Namba tunaweza kubadilisha. Nchi haibadiliki. Mfumo ukishakupa nchi, umekupa. Na bango lako limeshapakiwa kwenye basi. Ukilikataa, tawi linafungwa na ada hairudi."

Enesi aliacha kukoroga. Ada ile ilikuwa shamba. Lilikuwa shamba la mahindi la Ndalambo, ambalo mumewe Nikodemo aliachiwa na baba yake, na ambalo sasa lilikuwa la mtu mwingine. Hawakuwa na kingine cha kuuza isipokuwa jiko lenyewe, na jiko ndilo lililokuwa likiwalisha. Hili nalo likifungwa, yeye na mumewe watabaki wanatazamana kama abiria walioachwa na basi.

"Haya, niambie," alisema polepole. "Huko Zambia natakiwa nipike nini?"

*

Nikodemo alistaafu kazi ya kuendesha greda la barabara, na tangu hapo alikuwa akijiendeleza. Jioni tatu kwa wiki alikwenda ukumbi wa kanisa pale Mpemba, walikokuwa wakiishi, kusoma biashara kwa Mwalimu Tukuswiga, mzee mwenye sauti kavu anayetembea na chaki mfukoni. Somo lilikuwa la miezi sita. Mwezi mzima wa kwanza walichambua gharama ya kitu kimoja tu, chapati: unga, mafuta, mkaa, hata muda unaopotea kumsubiri mteja anayetafuta chenji. Nikodemo alirudi nyumbani uso unamremeta kama mtu aliyebatizwa upya.

"Twende wote, Mama Nesta," alimwambia mkewe. "Wewe una jiko. Mimi nitakubebea daftari."

Enesi hakutaka. Hakuwa mvivu wa kusoma. Alikuwa na donge rohoni. Kwenye mkutano wa kikundi cha kuweka na kukopa, mwenyekiti alisema wafanyabiashara wasimame wapigiwe makofi. Enesi akasimama na wenzake. Katibu akamtazama, akasema kwa upole, na ule upole ndio uliouma: "Mama Nesta, wewe kaa kwanza. Mama lishe tutawaita mwishoni." Mwishoni muda uliisha, hawakuitwa.

Mwezi ule ule mtu akamtumia kwenye simu tangazo la Sufuria ya Dhahabu. Mambo yalikuwa mepesi. Unanunua haki ya kutumia jina lao, unafundishwa kwa video tisa, unaletewa bango na aproni, na kuanzia siku hiyo wewe si mama lishe tena. Wewe ni Mkurugenzi wa Tawi. Walianza kumwita hivyo hata kabla hajalipa.

"Kwa Tukuswiga nitaitwa nani?" alimwuliza mumewe.

"Mwanafunzi."

"Miezi sita yote?"

"Miezi sita yote."

"Huku naitwa Mkurugenzi leo leo."

Katika somo la chapati hakukuwa na jibu la neno hilo. Wiki iliyofuata Nikodemo akapanda gari kwenda Ndalambo kutafuta mnunuzi, na Enesi akatazama video zote tisa akimenya vitunguu, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Machozi yalimtoka kuanzia ya kwanza mpaka ya tisa, na mtu angepita pale asingejua ni ya vitunguu au ya matumaini.

*

Bango lilifika Jumatano. Lilichorwa sufuria ya njano inayotoa miale kama jua, na chini yake maneno: SUFURIA YA DHAHABU, TAWI LA ZAMBIA. Masharti yalikuja kwenye simu. Tawi la Zambia haliuzi ugali, linauza nshima. Haliuzi dagaa, linauza kapenta. Mboga ya karanga iitwe ifisashi. Mteja akaribishwe kwa Kibemba, bei ziwe kwa kwacha, na kila mchana sahani ya kwanza ipigwe picha itumwe makao makuu.

Mteja wa kwanza alikuwa Idrisa, dereva wa Tanga, ambaye hula kwa Enesi kila anapokwama kwenye foleni.

"Mwaiseni mukwai," alisema Enesi.

Idrisa aligeuka nyuma kumtafuta anayesalimiwa.

"Mama, umepatwa na nini?"

"Nakukaribisha. Ndiyo salamu yetu siku hizi."

"Haya, nimekaribia. Nipe ugali maharage."

"Ugali hakuna."

"Saa hizi umeshaisha?"

"Haujaisha. Haupo. Kuna nshima."

"Nshima ndiyo nini?"

Enesi alitazama kushoto na kulia. "Ugali," alinong'ona.

"Basi nipe huo."

"Siwezi kukupa ugali, baba. Nimekwambia haupo."

Idrisa alivua kofia, akaiweka juu ya meza. "Kile kilichomo kwenye sufuria ile, kinachotoa moshi, ni nini?"

"Nshima."

"Nipe nshima."

"Karibu sana. Kwacha ishirini na tano."

"Kwacha? Mama, mimi sijavuka! Siku ya tatu hii natafuta kuvuka!"

"Hapa umeshavuka," alisema Enesi, na maneno hayo yalipomtoka yeye mwenyewe aliyasikia yalivyokuwa ya kichaa.

Ikabidi Idrisa aende kwa Shadrack, mmoja wa vijana wanaobadilisha fedha kando ya barabara, akageuze shilingi ziwe kwacha ndipo ale. Alipomaliza na kulipa, Enesi akachukua kwacha zile zile akampelekea Shadrack yule yule azigeuze ziwe shilingi, maana muuza mkaa hakuwa na habari na makao makuu. Kwa kila sahani Shadrack alikata chake mara mbili. Kufika Ijumaa alikuwa ameshahamisha stuli yake mpaka mlangoni pa jiko, kwenye kivuli cha bango.

"Mkurugenzi," alimsalimia asubuhi, "leo tunapika nini?"

"Tunapika? Wewe na nani?"

"Usikasirike, mama. Katika jiko hili mimi ndiye ninayeshiba, na sahani hata moja sijanunua."

*

Jiko lililofuata, lililotenganishwa na la Enesi kwa ukuta wa mbao, lilikuwa la Sabra, Mama Ikram, ambaye mumewe msafirishaji alimleta Tunduma kutoka Kigoma. Sabra alipika wali. Miaka yote madereva walichanganya wali wa Sabra na maharage ya Enesi, sahani ikipitishwa kwenye uwazi wa ukuta, na mama wale wawili wakagawana hela jioni bila kuitana majina mabaya.

Jumamosi, fundi alipanda juu ya jiko la Sabra akagongelea bango. Sufuria ile ile ya njano, miale ile ile. TAWI LA TANZANIA.

"Mama Ikram!" Enesi alitoka na mwiko mkononi. "Na wewe?"

"Na mimi nini? Tangazo lilinifikia kama lilivyokufikia wewe. Waliniapia kwamba hapa sitakuwa na mwenzangu."

"Na mimi waliniapia hivyo hivyo."

Sabra aliyatazama mabango mawili yaliyokaa bega kwa bega. "Basi hawakusema uongo," alisema. "Zambia uko peke yako, na Tanzania niko peke yangu."

Walicheka mpaka wakashikana mikono. Kicheko kile hakikumaliza siku. Mchana Enesi alipotuma picha ya sahani ya kwanza, Ashraf alipiga simu ya video. Nyuma yake palionekana maghorofa ya vioo, na kila alipogeuza kichwa sikio lake moja lilimezwa na ghorofa, likarudi. Mahali fulani kati ya maghorofa yale jogoo aliwika.

"Mama Mkurugenzi, chini ya maharage naona wali. Umetoka wapi?"

"Kwa jirani."

"Jirani yuko nchi gani?"

"Tanzania."

"Na maharage?"

"Zambia."

"Mama, hayo ni magendo. Nakupa onyo la kwanza. Yakifika matatu, mfumo unafunga tawi wenyewe, hata mimi siwezi kuuzuia."

Madereva walilipokea jambo hilo kama sikukuu. Kila aliyepitisha sahani ukutani alipigiwa kelele na wenzake: "Mpakani hapo! Shusha mzigo!" "Nina paja moja la kuku, afande, la matumizi yangu!" Onyo la pili lilikuja kwa sababu Idrisa alionekana pembeni mwa picha, na kwa mujibu wa mfumo, midomo yake ilikuwa ikitamka ugali.

Enesi aliogopa. Alitafuta kipande cha bati, akaomba misumari, akaanza kuziba uwazi wa ukuta. Upande wa pili Sabra alisimama akiitazama ncha ya kila msumari ikitokeza kwake.

"Unaziba, Mama Nesta?"

"Ni masharti. Hata kwako yapo."

"Kwangu yapo, nimeyasoma. Lakini mimi sikushika nyundo." Sabra akajifunga kanga vizuri. "Haya, mgeni wetu. Ukiishiwa chumvi, kaombe Lusaka."

*

Jumatatu iliyofuata alikuja afisa wa biashara, kijana wa heshima, shati lake limenyooshwa mpaka mikono ina makali. Alilisoma bango, akausoma ubao wa bei, akarudia bango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hii ni biashara ya Zambia?"

"Hapana. Ni yangu."

"Imeandikwa Zambia."

"Imeandikwa tu."

"Na bei?"

"Nazo zimeandikwa tu."

Kijana alikuna kidevu kwa kalamu. Ilionekana wazi kwamba chuoni hawakumfundisha ukurasa huu. "Mama, bei nchini zinaandikwa kwa shilingi, ndiyo sheria. Na mgeni akitaka kufanya biashara ana vibali vyake. Samahani nikuulize. Wewe ni raia wa wapi?"

Enesi alizaliwa Ndalambo, akabatizwa Ndalambo, na kura alipigia ng'ambo ya barabara hiyo hiyo. Alijikuta amelegeza fundo la kitenge anatoa kitambulisho cha taifa kilichonuka vitunguu. Kijana aliilinganisha picha na uso. Mezani madereva waliacha kutafuna. Nyuma ya bati, hata Sabra aliacha kuosha vyombo.

"Ni wewe," alisema kijana hatimaye.

"Ni mimi," alisema Enesi, na aibu ikamshika, kwa sababu ndani ya moyo alikuwa ameshukuru.

"Nitapita tena Ijumaa, mama. Nikilikuta bango hili, nitalazimika kulifunga jiko. Sipendi, lakini nitalazimika."

Alasiri Ashraf naye akapiga. "Ijumaa asubuhi ni ukaguzi wa tawi, Mama Mkurugenzi, kwa video. Bango lisipoonekana, mfumo unalifunga jiko."

Jioni, nyumbani Mpemba, Enesi alimweleza mumewe yote. Akamaliza kwa kusema, "Sasa Ijumaa bango lisiwepo, na liwepo. Baba Nesta, jiko linakufa."

Nikodemo alisogeza sahani, akachukua penseli. Aliandika mstari mmoja, akaufuta, akaandika mwingine. Kisha macho yake yakawaka namna ambayo Enesi hakuwa ameiona tangu enzi za greda.

"Lisiwepo Tanzania," alisema. "Liwepo Zambia. Dada yangu Ketrina si ana uwanja mpana pale Nakonde, ng'ambo ya geti?"

Enesi alimgeukia. "Haya ndiyo mnayofundishwa kwa Tukuswiga?"

"Haya nimejiongezea mwenyewe."

*

Ijumaa asubuhi walikodi guta, wakapakia bango, jiko la mkaa, sufuria ya maharage na nyingine ya nshima, meza na benchi. Nikodemo alisukuma kwa nyuma amevaa koti lake la kanisani. Enesi alitangulia na aproni ya dhahabu. Walipopita mbele ya Sabra hakuna aliyemsalimia mwenzake, ila Sabra alitoka mlangoni akawasindikiza kwa macho mpaka walipopotea kati ya malori.

Getini mlinzi aliinua mkono.

"Mnapeleka nini?"

"Tawi," alisema Nikodemo.

"Tawi la mti?"

"Tawi la biashara. La Zambia."

"Linatoka wapi?"

"Tanzania."

Mlinzi alizunguka guta, akafunua sufuria, akanusa, akafunika. Alilisoma bango lote kwa sauti. "Kwa hiyo mnalirudisha kwao."

"Ndiyo," alisema Enesi, kwa sababu alikuwa amechoka.

"Piteni."

Ketrina aliwapokea kwa vigelegele na maswali. Walilitundika bango kwenye kamba ya nguo, wakawasha mkaa, wakapanga benchi. Majirani wa Nakonde walianza kusogea mmoja mmoja, wamefumbata mikono, kama watu wanaotazama harusi ya dini wasiyoijua. Kila kitu kilikuwa tayari na saa ya ukaguzi imewadia, ndipo simu ya Enesi ilipozima. Chaji ilikuwa imekwisha.

"Chukua yangu, wifi," alisema Ketrina, akaichomoa kifuani.

Enesi akapiga namba ya Ashraf, aliyoijua kwa kichwa, naye akatokea na maghorofa yake. Safari hii alitabasamu. "Mama Mkurugenzi! Naona bango. Naona nshima. Pazuri! Hebu zungusha kamera nione nchi."

Enesi akazungusha. Aliionyesha Zambia yote iliyoweza kuonekana: ukuta wa Ketrina, kuku wa Ketrina, watoto wa jirani wakipunga mikono. Alipoirudisha simu usoni, tabasamu la Ashraf lilikuwa limekufa.

"Mama, hii simu ni ya nani?"

"Ya wifi yangu."

"Yuko Nakonde?"

"Amezeeka Nakonde."

"Mbona namba yake ni ya Tanzania?"

Ketrina akasogeza kichwa kwenye kamera. "Vifurushi vyenu ni nafuu, mwanangu. Na ndugu zangu wote wako huko. Huku karibu kila mtu anayo."

"Mfumo umeandika kwamba tawi limehamia Tanzania bila kibali," alisema Ashraf, na sauti yake haikuwa tena ya makao makuu. "Onyo la tatu. Linafungwa. Mama, si mimi. Naapa si mimi, linajifunga lenyewe."

Enesi aliitazama sufuria. Alikuwa amelima shamba la Ndalambo akiwa na mimba ya Nesta. Alijua mahali lilipo kila jiwe. Nikodemo alikuja akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani.

Kwenye simu maghorofa yalitetemeka, yakapotea. Nyuma ya Ashraf palibaki kitanda, chandarua kilichofungwa fundo, na jogoo amesimama dirishani.

"Wewe mtoto," alisema Enesi, "uko wapi?"

Kijana aligeuka, akaona kilichoonekana, akainamisha kichwa. "Vwawa, mama."

"Vwawa hii? Vwawa ya hapa, ya saa moja na gari?"

"Ndiyo. Na mimi nilinunua. Nilinunua usimamizi wa kanda, nchi mbili. Baba aliuza ng'ombe." Akapangusa pua kwa kiganja. "Makao makuu sijawahi kuyaona. Huwa yananiandikia tu."

Enesi alitaka kumtukana. Alilitafuta tusi, akalipata, akalishika mdomoni. Lakini kijana alikuwa amekonda, na sikio lake, sasa lilipokuwa limetulia mahali pake, lilikuwa sikio la mtoto wa mtu.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Kale," alisema Enesi, akakata simu.

Majirani wa Ketrina, waliokuwa wamesubiri kwa adabu, wakauliza kama chakula kile kilikuwa cha kutazama au cha kula. Maharage yakaisha pale pale uani, chini ya kamba ya nguo. Hakuna aliyeuliza sahani imetoka nchi gani.

*

Mchana guta lilirudi Tunduma. Idrisa bado alikuwepo, maana karatasi za mzigo wake zilikuwa na kasoro na lori lake lilikuwa limesogea mahali pa malori manne tu. Alipowaona akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Mwaiseni mukwai, Mkurugenzi!"

"Niache, Idrisa," alisema Enesi. "Zambia imefungwa."

Alilisema kwa uchovu, lakini alilisema karibu na foleni. Dereva wa lori la pili akalidaka, akampigia kelele wa tatu. Kabla Nikodemo hajashusha benchi, habari kwamba Zambia imefungwa ilikuwa imepanda foleni kuelekea Mpemba, injini zikawashwa, watu wakawa wanawapigia matajiri wao Dar es Salaam. Shadrack aliinua stuli yake akakimbia nayo, kwacha zimejaa mifuko yote. Idrisa ilibidi apande juu ya tairi apige mbiu: "Jamani, ni hii ya mama! Zambia ya mama!"

Ndipo afisa wa biashara alipofika. Alitazama juu ya mlango, akakuta misumari mitupu. Akautazama ubao, ambao Enesi alikuwa akiufuta kwa aproni ya dhahabu. Kijana alivuta pumzi kwa furaha ya mtu aliyeepushwa na ukurasa mgumu, akaaga.

"Sasa mama," alisema Idrisa akikaa, "tunakula nini?"

Enesi alisimama juu ya sufuria. Alijua anachotaka kusema, lakini hakutarajia kwamba neno la kawaida kiasi hicho lingeweza kumliza mtu mzima.

"Ugali," alisema.

"Nipe ugali!"

"Na mimi ugali, mama!"

Ukutani kulisikika mlio wa bati linalokwaruza. Msumari mmoja ukaanguka, kisha mwingine. Bati likainama, na kwenye uwazi ukatokea mkono wa Sabra umeshika sahani ya wali.

"Tia maharage," alisema Sabra. "Kuna mtu huku ananisumbua."

"Maharage yameliwa Nakonde, Mama Ikram. Nimebandika mengine, hayajaiva."

"Atasubiri. Ana pa kwenda?"

"Na masharti yako je? Na bango lako?"

"Bango nimeshalilipia, litakaa. Linazuia jua." Mkono ukarudi, kisha ukatokea tena na kikopo. "Na shika chumvi. Lusaka ni mbali."

Bango la Enesi walilitandika juu ya magunia ya mkaa lizuie mvua, sufuria ya njano ikitazama chini. Shamba halikurudi. Mtu aliyelinunua amepanda alizeti, na Nikodemo akipita kule kwa gari hutazama dirisha la upande mwingine.

Wiki haikuisha, Mwalimu Tukuswiga mwenyewe alikuja kula, akiongozana na Nikodemo. Alikula ugali wake polepole, akasifu maharage, akapangusa vidole. Nikodemo alikuwa ameshamweleza kwamba darasa jipya likianza, safari hii mkewe atakuja.

"Karibu sana, Mama Nesta," alisema mwalimu. "Utaanza na chapati kama wote. Ila kuna badiliko. Kanisa linaukarabati ukumbi, na mwanangu amenishauri twende na wakati. Masomo yote sasa nitayatoa kwenye simu." Akatoa simu mpya kwenye mfuko ilimozoea kukaa chaki, akaishika kwa mikono miwili kama yai. "Nipe tu namba yako nikuingize."

Idrisa alishikilia tonge hewani. Kwenye uwazi wa ukuta kilitokea kichwa cha Sabra. Nikodemo alimtazama mwalimu wake, kisha mkewe, kisha simu ile, na taratibu akaanza kupeleka mkono kwenye penseli.

Enesi alifunika sufuria. Akanawa mikono, akaikausha kwa kitenge, bila haraka.

"Mwalimu," alisema, "wewe unaishi nyumba ya bati jekundu, nyuma ya kanisa, si ndiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Namba iache. Mimi nitakuja kwa miguu."